Geji Inapanda na Hakuna Panapovuja: Chumba Baridi cha Bucha, Arusha

Kompresa mpya ya chumba baridi, ile mashine inayosukuma gesi ya kupoza, ilishuka kwenye basi la Dar es Salaam Jumatano jioni, katikati ya masika. Ilikuja imefungwa sawasawa, vizibo vya mpira kwenye midomo yote miwili na ndani naitrojeni kavu ya kiwandani. Saa kumi na mbili tulivua vizibo ili kuona mabomba yatakavyokaa. Giza likaingia, mvua ikaanza, na vizibo havikurudishwa. Bomba la kurudisha gesi, lile linalotoka chumbani kwenda kwenye mashine nje, nalo lililala wazi mdomo ukitazama juu.

Ulikuwa usiku mmoja tu. Ulikula siku nne za kazi, mitungi miwili ya naitrojeni, draya moja (kichujio cha kunyonya unyevu) iliyotupwa, kopo la oili na usingizi. Nyama ya mwenye bucha ilihamishiwa kwenye friji za majirani, na nyingine ikauzwa kwa bei ya kutupa.

Haya yameandikwa kwa ajili ya fundi anayevuta vakyumu (yaani ombwe, kunyonya hewa yote mfumoni kwa pampu), anafunga vali, anaona geji, kipima shinikizo, inapanda, na moja kwa moja anaanza kuwinda tundu. Mara nyingi tundu halipo. Mfumo wenyewe unatema gesi. Oili inatema, mpira unatema, draya inatema, hata ukuta wa bomba la shaba unatema. Asiyejua kutofautisha kuvuja na kutema atachomelea upya viungo vizima, na geji itaendelea kupanda vilevile.

Alhamisi ilikuwa ya kuchomelea. Naitrojeni ilipitishwa taratibu ndani ya bomba wakati wa kazi, ili shaba isifanye magamba meusi kwa ndani. Hapo hatukukosea. Jioni mfumo ukajazwa naitrojeni hadi shinikizo la bar 17, vali zikafungwa, tukaondoka. Ijumaa asubuhi geji ilisoma 16.4.

Asubuhi nzima ikaisha kwa povu la sabuni. Kila kiungo, kila nati, kila pembe ya evaporeta, koili ya kupoza iliyo ndani ya chumba, ilipakwa, na hakuna kilichotoa hata kiputo kimoja. Kumbe jibu lilikuwa kwenye hali ya hewa. Jioni mashine ilikuwa kwenye nyuzi 26, alfajiri nyuzi 16. Gesi iliyofungiwa hupungua shinikizo inapopoa, na hesabu yake ni fupi. Chukua shinikizo la geji, ongeza la hewa ya hapa, ambalo Arusha ni kama bar 0.86, upate 17.86. Zidisha kwa 289, gawanya kwa 299 (nyuzi 16 na 26 ukijumlisha 273), kisha toa tena 0.86. Unapata 16.4. Gesi yote ilikuwa mle mle. Tangu siku hiyo, kwenye karatasi ya kazi joto linaandikwa kando ya shinikizo, jioni na asubuhi. Bila joto, namba ya shinikizo iliyolala usiku Arusha haisemi kitu.

Na kwa kuwa tumefika kwenye kupima kwa shinikizo: ni naitrojeni kavu tu. Mtungi wa oksijeni upo karibu kila karakana ya kuchomelea mjini, na kishawishi cha kuutumia ni kikubwa naitrojeni inapoisha. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili ya kompresa hulipuka. Hata mara moja usijaribu.

Mchana pampu ikafungwa. Ni pampu ya futi za ujazo 6 kwa dakika, yaani lita kama 170. Geji ilikuwa ile ya kawaida ya bluu kwenye manifoldi (seti ya fundi ya vali, geji na hozi), yenye upande wa vakyumu ulioandikwa hadi inchi 30 za zebaki. Sindano ikashuka haraka hadi 25 na kukataa kuendelea. Saa nzima, 25. Tukamwaga oili ya pampu, tukaweka mpya, tukakaza nati zote upya. 25.

Sindano ile isingeweza kwenda kwingine. Geji ya aina hiyo inapima tofauti kati ya ndani ya mfumo na hewa ya nje. Ile 30 ni ya pwani, ambako hewa inakandamiza kwa inchi karibu 30 za zebaki. Arusha mjini ni mita kama 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huku inakandamiza kwa inchi 25.3 tu. Hata ukiondoa chembe zote za gesi ndani ya bomba, sindano itagota 25.3. Ndiyo sababu pakiti za krispi zilizofungwa Dar zinafika huku zimevimba kama mto wa kulalia. Hewa ndani ya pakiti ni ya pwani, ya nje ni ya mlimani. Fundi wa Arusha anayesubiri 30 atasubiri hadi pampu izeeke, na akiiona kweli 30, ajue geji haikurudishwa sifuri.

Tena, kati ya 25 na 25.3 kuna kila kitu unachotaka kukijua. Tofauti hiyo ndogo, ambayo ni kama unene wa sindano yenyewe, ni mikroni zaidi ya 7,000, wakati lengo letu lilikuwa chini ya 500. (Mikroni moja ni elfu moja ya milimita ya zebaki. Hewa ya Arusha yote ni mikroni kama 640,000.) Geji ya manifoldi inakwambia pampu inazunguka, basi. Ya kukwambia kama mfumo umekauka ni geji ya mikroni, na hiyo tuliazima jioni. Kama kuna kifaa kimoja cha kununua kabla ya pampu kubwa zaidi, ni hicho.

Geji ya mikroni ikafungwa na mara moja ikatuonyesha jambo jipya: ilishuka vizuri hadi karibu 4,500 ikakwama. Dakika arobaini haikusogea. Namba hiyo ukiiona, simama. Maji ya nyuzi sifuri yana shinikizo la mvuke la mikroni 4,580, na geji inayoganda hapo karibu inasema kwamba mahali fulani ndani kuna maji yanayogeuka, au yameshageuka, kuwa barafu. Tulipita na kiganja kwenye bomba lote la kurudisha gesi. Kwenye ule mkunjo wa chini, ule wa kukusanya oili, shaba ilikuwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na umande kwa nje. Mvua ya Jumatano ilikuwa imeingia mdomoni na kutulia pale.

Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kunapokuwa na shinikizo dogo. Arusha sufuria inachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ukishusha shinikizo hadi mikroni 17,500, maji yanachemka kwenye nyuzi 20 bila moto wowote. Lakini kuchemka kunakula joto, na kama hakuna moto joto linachukuliwa kwenye maji yenyewe. Sehemu ndogo ikigeuka mvuke kwa kasi, iliyobaki inaganda. Barafu nayo hutoa mvuke, ila polepole mno. Kwa hiyo pampu kubwa inayovuta kwa pupa tangu mwanzo inaweza kukuchelewesha kuliko ndogo.

Dawa yake ni joto. Pampu ikazimwa, vali zikiwa zimefungwa kwanza, naitrojeni kavu ikaingizwa hadi juu kidogo ya shinikizo la hewa, na ule mkunjo ukapashwa kwa feni ya hewa moto hadi kiganja kikashindwa kuushika kwa muda mrefu. Naitrojeni inasaidia kwa njia mbili. Inapeleka joto hadi kwenye barafu, jambo ambalo ombwe haliwezi, na inachanganyika na mvuke ili vitoke pamoja. Mwali wa tochi ya gesi haufai hapa, maana unachoma oili ndani na kulegeza viungo vya silva.

Pampu ikawashwa tena. Mara hii geji ilipita 4,500 bila kusita, na kufikia saa tano usiku ilikuwa 1,400. Hapo ikawa inashuka kwa kujivuta. Tukafunga vali kati ya pampu na mfumo, tukahesabu dakika kumi: 3,100.

Mwenye bucha alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda mlangoni. "Fundi, inavuja au haivuji?"

"Inavuja, mzee." Ndivyo tulivyomjibu, na tulikosea. Dakika kumi hazitoshi kujibu swali lile, na mzee wa watu alilala akijua kuna tundu ambalo halikuwapo.

Jumamosi alfajiri jaribio la naitrojeni likarudiwa, bar 17 kwa saa sita, joto likiandikwa kila saa. Haikupungua. Ndipo tukarudi kwenye vakyumu na kufanya kile ambacho kingefanywa tangu mwanzo. Tulivuta hadi 1,400, tukafunga vali, na badala ya kusoma mara moja tukasoma kila dakika tano kwa nusu saa na kuchora kwenye boksi la kompresa. Dakika ya tano 2,400. Ya kumi 3,100. Ya kumi na tano 3,500. Ya ishirini 3,700. Ya ishirini na tano 3,850. Ya thelathini 3,900.

Angalia mwendo wake. Tano za kwanza zimeongeza elfu moja, tano za mwisho hamsini. Hewa inayoingia kwenye tundu haina tabia hiyo. Nje kuna mikroni 640,000 na ndani elfu chache. Kwa tundu, tofauti hiyo ni ileile iwe ndani kuna 1,400 au 3,900, kwa hiyo hewa inaingia kwa kasi moja, dakika kwa dakika, na mchoro wake ni mstari ulionyooka. Mchoro unaopinda na kulala ni wa kitu kilichomo ndani, kinachotoka hadi shinikizo lake na la mvuke vilingane. Jaribio la pili linalothibitisha ni kurudia: vuta tena, funga tena. Tundu litakupa mteremko uleule mara zote. Kutema kunapungua kila mara, maana hazina inakwisha.

Yapo mazingira ambayo vyote viwili vinatokea pamoja, tundu dogo na unyevu. Mchoro unapinda mwanzoni, kisha haulali kabisa bali unaendelea kupanda kwa mstari mwembamba. Huo mkia ulionyooka ndio tundu lako. Subiri kuuona. Unaweza kuhitaji saa nzima.

Mzee akaelezwa upya: "Haivuji, mzee. Inatema maji." Akauliza swali la haki kabisa: "Maji yametoka wapi, vijana wangu, wakati mkunjo mmeshaukausha?"

Yalikuwa mahali pengi, na kila mahali pana tabia yake.

Oili ndiyo ya kwanza. Kompresa za gesi ya kupoza ya R404A zinatumia oili ya POE, na POE inapenda maji kama chumvi ya mawe inavyopenda masika. Ikiwa kwenye kopo lililofungwa, maji yaliyomo kwa kawaida ni chini ya sehemu 50 kwa milioni. Ikiachwa kwenye hewa nyevu inaweza kupita 1,000. Kompresa ile ilikuwa na lita 1.6. Tuseme usiku ule iliishia kwenye sehemu 600 tu, hiyo ni karibu gramu moja ya maji. Gramu moja haionekani kitu, haijazi hata kizibo cha soda. Lakini kwenye mikroni 500 na nyuzi 20, gramu hiyo ni mvuke wa lita 2,000. Pampu ya lita 170 kwa dakika ingeumaliza kwa dakika kumi na mbili kama mvuke wote ungekuwa umesimama mdomoni mwake. Haukusimama hapo. Uko ndani ya oili, unapanda polepole hadi juu, halafu unapita kwenye hozi nyembamba. Mbaya zaidi, sehemu ya maji hujifunga na POE kikemia na kuanza kuigeuza asidi. Sehemu hiyo pampu haiitoi, uvute siku tatu au wiki. Watengenezaji wa kompresa hizi kwa kawaida wanashauri isikae wazi zaidi ya dakika 15. Yetu ilikaa wazi saa kumi na mbili.

Oili iliyowahi kufanya kazi ina jambo jingine, gesi ya friji yenyewe iliyoyeyuka ndani yake. Ukivuta ghafla, inatoka ikitoa povu kama soda iliyotikiswa, na geji inaruka juu na chini. Mtu akiona hivyo anadhani vali imeharibika. Pasha kompresa kwanza, kisha vuta taratibu.

Ya pili ni draya. Ndani yake kuna chembe zilizotengenezwa kwa kazi ya kunyonya maji na kuyashikilia kwa nguvu. Yetu ilifunguliwa Alhamisi saa tatu asubuhi, ikachomelewa saa nane mchana. Kwa muda huo ilikunywa unyevu wa anga la Arusha badala ya unyevu wa mfumo. Usijidanganye kwamba vakyumu itaikausha. Chembe hizo huachia maji kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200, si kwa pampu kwenye joto la kawaida. Draya iliyolowa ni ya kutupa. Na iwe kitu cha mwisho kufunguliwa, pale tochi inapokuwa tayari mkononi.

Ya tatu ilikuwa aibu kwetu kuliko zote, kwa sababu ni vifaa vyetu wenyewe. Tulifunga pampu, manifoldi, hozi na geji ya mikroni bila mfumo wowote, tukavuta. Iligota 700 na haikushuka chini yake. Tukaondoa manifoldi na hozi, geji ikakaa juu ya pampu kwa kipande kifupi cha shaba: 60. Maana yake hozi zetu za mpira zilikuwa zinatema peke yake kiasi cha kuizuia pampu nzima kufika lengo. Mpira unahifadhi gesi ya kazi zilizopita, oili na unyevu, tena unapitisha hewa kidogo kwenye kuta zake. Kumbuka pia kwamba mpira hautulii haraka kama chuma. Utemaji wa uso wa chuma hupungua takriban kwa kadiri ya muda, yaani saa ya kumi ni sehemu ya kumi ya saa ya kwanza. Wa mpira hupungua kwa mzizi wa pili wa muda, kwa hiyo sehemu ya kumi unaifikia saa ya mia.

Kwa hiyo kipime kifaa chako kikiwa peke yake kabla hujaushtaki mfumo. Dakika kumi tu.

Manifoldi ikabaki mezani. Kuanzia hapo pampu iliunganishwa na bomba la shaba la nusu inchi upande mmoja na hozi ya vakyumu ya inchi tatu kwa nane upande wa pili, na vile visindano vya ndani ya vali za huduma, vinavyofanana na vya tairi, vikatolewa kwa kifaa chake. Kipenyo ni jambo kubwa kuliko pampu. Gesi ikiwa bado nzito kiasi, kipenyo kikiongezeka mara moja na nusu, kama kutoka robo inchi hadi tatu kwa nane, njia inapitisha mara tano. Geji ya mikroni nayo ihamishwe ikae kwenye mfumo, mbali na pampu, ikisimama wima ili oili isiingie kwenye kihisi. Ikiwa juu ya pampu itakusomea uzuri wa pampu.

Mchana huo kompresa ikafunguliwa, ikainamishwa na oili ikamwagwa kwenye chombo chenye alama. Ni lazima upime kilichotoka ili urudishe kiasi kilekile. Lita 1.6 mpya, kutoka kopo la bati ambalo halijawahi kufunguliwa, zikaingia ndani ya dakika kumi na vizibo vikarudi papo hapo. Oili hii huuzwa kwenye bati kwa sababu plastiki hupitisha unyevu. Iliyobaki kwenye kopo usiiamini wiki ijayo. Draya mpya ikafungwa mwisho, na saa moja usiku tukaanza upya.

Mtu mmoja alipendekeza jiko la mkaa liwekwe ndani ya chumba na mlango ufungwe, ili evaporeta ipate joto. Alikuwa na nia njema na wazo la joto lilikuwa sahihi. Lakini gesi ya mkaa unaowaka kwenye chumba kisichopitisha hewa inaua bila harufu ya kukuonya, na kuta za chumba baridi ni za povu linaloshika moto. Tulitumia hita ya umeme ya kuyeyushia barafu iliyomo kwenye evaporeta yenyewe, ikiwashwa kwa vipindi na mtu akiisimamia, na balbu ya uzi ya wati 100 chini ya tumbo la kompresa. Evaporeta ikafika nyuzi 40 na kitu. Joto ndilo linalofanya kazi ambayo pampu haiwezi. Pampu inaondoa kilichokwisha kutoka. Joto ndilo linalokitoa.

Hata wanaotengeneza vyombo vya angani wanapita njia hii. Kipimo chao kinachojulikana ni kuweka kipande cha plastiki au gundi kwenye ombwe kwa nyuzi 125 kwa saa 24. Kikipoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito, au kikiacha zaidi ya asilimia 0.1 ya kitu kinachoganda kwenye sahani ya baridi iliyo karibu, kwa kawaida hakipandi roketi. Wanaogopa utando. Utando wenyewe unaujua: gari jipya likiegeshwa juani, baada ya wiki kioo cha mbele kinakuwa na ukungu wa mafuta kwa ndani. Ni dashibodi inayotema.

Kukausha kwenyewe kulikwenda kwa mizunguko mitatu. Mwanzoni vali ndogo ya hewa iliyo juu ya pampu iliachwa wazi, ili mvuke usigeuke maji ndani ya oili ya pampu. Ilifungwa geji ilipokuwa karibu 3,000. Mzunguko wa kwanza ulishuka hadi 2,000, naitrojeni ikaingizwa hadi bar 0.2 na kuachwa nusu saa. Oili ya pampu ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya maziwa, ikabadilishwa ingali moto. Usipuuze hilo, maana pampu yenye maji kwenye oili yake haiwezi kushuka chini ya shinikizo la mvuke wa maji hayo. Mzunguko wa pili ulifika 1,000, vali ikafungwa, nusu saa ikapanda hadi 1,700 na kulala. Kabla ya oili mpya ilikuwa 3,900. Naitrojeni tena, nusu saa tena.

Mzunguko wa tatu ulianza saa saba usiku na hatukuuacha peke yake. Umeme ukikatika pampu inasimama, na kama haina vali ya kuzuia, ombwe linavuta oili ya pampu na kuimwaga ndani ya mfumo wako safi. Mtu akae na mkono karibu na vali. Usiku ule umeme ulikatika mara moja, dakika sita, na vali ilifungwa kwa wakati.

Jambo jingine la hatari: mfumo ukiwa kwenye vakyumu, kompresa isiwashwe kabisa na waya zake zisipimwe kwa mega, kile kipimo cha insulesheni. Kwenye shinikizo dogo umeme unaruka kirahisi kati ya vichwa vya waya, na mota inaungua hapo hapo. Wale wanaotumia kompresa ya friji yenyewe kujivutia vakyumu wanacheza na kitu hicho kila siku, na hata ikinusurika haiwezi kushusha hadi mahali pa kukausha oili.

Jumapili saa nne asubuhi geji ilisoma 280. Vali ikafungwa. Dakika ya tano 340, ya kumi 380, ya ishirini 405, ya thelathini 410. Dakika ya arobaini, 410. Mzee alisogea akatazama namba kwa muda mrefu bila kuuliza kitu.

Gesi ikaingizwa ikiwa majimaji, mtungi ukiwa umepinduliwa, kwa sababu R404A ni mchanganyiko na ukiijaza kama mvuke inatoka bila uwiano wake. Jioni chumba kilikuwa kwenye nyuzi 2. Kwenye kioo cha kuangalia gesi kuna doa linalobadilika rangi, kijani ni kavu, njano ni maji. Lilikuwa kijani. Tulilirudia baada ya siku 14, kwa kuwa unyevu uliobaki kwenye oili unajitokeza baadaye gesi ikizunguka, na kama lingekuwa limeelekea njano draya ingebadilishwa tena. Lilikuwa kijani bado, na vali ya kupunguza shinikizo haikuwahi kuziba kwa barafu. Hiyo ndiyo dalili ya kawaida ya maji yaliyobaki: chumba kinapoa, kinaacha kupoa, unazima, barafu inayeyuka, kinapoa tena, na mwenye duka anaambiwa gesi imepungua.

Kazi iliyofuata ilikuwa Moshi, kwenye mita kama 850, ambako hewa ni nzito kidogo na sindano ya manifoldi inagota 27 badala ya 25. Kompresa ilifika tena jioni, tena na mawingu. Ililala usiku kucha na vizibo vyake, na midomo ya mabomba yote ilikuwa imebanwa kwa koleo na kuchomelewa.